Korongo halionekani mpaka ulifikie: namna ya kutembelea magenge ya mito ya Castilla

Mara ya kwanza nilipoenda kutafuta korongo la mto Duratón, huku Castilla, uwanda wa kaskazini ya Madrid, Uhispania, nilidhani nimepotea. Ilikuwa mchana wa Julai. Nilitoka Aranda de Duero, mji ninaoishi, nikapita mashamba ya ngano ya manjano, ardhi tambarare kama sinia, mbele hakuna mlima wala dalili ya bonde. Simu ikasema nimefika. Nikaegesha gari, nikaanza kutembea juu ya mawe na vichaka vya zaatari huku nikijilaumu kwa mafuta ya gari niliyoyachoma bure. Kisha ardhi ikakatika. Chini ya miguu yangu, mita 100 hivi, mto wa kijani ulikuwa umejipinda kama nyoka aliyelala, na tumbusi walikuwa wakipaa katikati, kati yangu na maji. Si kila siku mtu anautazama mgongo wa tumbusi akiwa angani.

Nina miaka saba Aranda sasa. Nafanya kazi ya zamu kwenye tanuri la mikate, siku yangu ya mapumziko ni Jumatatu, na Jumatatu nyingi zimeishia kwenye makorongo. Ninayoyaandika hapa ni kwa mtu anayekuja Uhispania, ameshaona Madrid, na amebakiwa na siku mbili tatu. Utahitaji gari. Mabasi ya kwenda vijiji hivi ni machache, na mengine yatakufikisha jioni yakakuacha ulale hapo.

Nikiulizwa cha kushika kwanza, nasema hivi: korongo moja ni safari mbili. Lione kutoka juu, kisha lione kutoka chini, na kila moja kwa saa yake. Watu wengi hufika juu saa mbaya, hupiga picha moja nyeupe kama unga, huondoka, na wanaporudi kwao husema ni shimo tu.

Maneno ya kwenye vibao

Waspania wana majina mengi ya kitu hiki, na kila mkoa una lake. Castilla wanaita hoz, wingi hoces. Neno hilo hilo ni mundu, ule wa kukatia ngano, na ukiangalia mto unavyopinda unaona kama wamelenga hapo. Kumbe ni maneno mawili tofauti ya Kilatini yaliyokuja kufanana: mundu lina asili yake, na hoz ya mto inatokana na neno la koo. Navarra wanasema foz. Aragón utasikia congosto. Kwingine ni garganta, yaani koo kabisa, au desfiladero, au tajo, ambalo ni mkato. Cañón linaeleweka kote. Mirador ni mahali pa kusimama kutazama, mara nyingi pana ukuta mfupi na kibao cha maelezo. Ermita ni kanisa dogo lililojengwa nje ya mji, na ukiona jina hilo kwenye ramani karibu na mto uliojipinda, nenda. Watawa wa zamani walijua kuchagua mahali.

Kibao kingine cha kukijua ni kile kidogo cha mstatili, nusu nyeupe nusu nyeusi, kilichopigiliwa kwenye nguzo mashambani. Kinasema eneo hilo ni la uwindaji. Hakikuzuii kupita kwenye njia ya wazi, lakini majira ya kupukutika majani na ya baridi, hasa mwisho wa wiki, ukikuta tangazo la batida au montería njiani, geuza. Siku hiyo watu wenye bunduki wanafukuza nguruwe mwitu humo.

Njia za miguu zina alama za rangi kwenye miti na mawe. Nyeupe na nyekundu ni njia ndefu, GR. Nyeupe na njano ni PR, ya siku moja. Nyeupe na kijani ni ya karibu, SL. Mistari miwili iliyokatizana kama X inasema: siyo huku. Mara ya pili Duratón niliipita X kwa sababu niliona kijia kizuri mbele yake. Kilikuwa kijia cha mbuzi. Kiliishia hewani.

Kulitafuta kwenye ramani

Mzee jirani yangu wa ghorofa ya pili, mchungaji mstaafu, ndiye aliyenifundisha. Achana kwanza na picha za simu. Taasisi ya ramani ya taifa, IGN, ina ramani za kipimo cha 1:25.000 ambazo unaweza kuzitazama bure kwenye intaneti. Kila mstari wa kahawia ni tofauti ya mita 10 ya mwinuko. Tafuta mto wenye mistari iliyobanana mpaka inakuwa kama uzi mmoja mnene, na kando yake uwanda usio na mstari hata mmoja. Hapo ndipo ardhi inapokatika ghafla.

Sababu ni mwamba wenyewe. Sehemu hii ya Castilla ina tabaka nene za chokaa zilizotandikwa chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 66 iliyopita. Ardhi ilipoinuka, mito iliendelea kuchimba palepale ilipokuwa ikipita. Chokaa huyeyuka taratibu kwa maji, lakini husimama wima isimomonyoke kama udongo. Kwa hiyo unapata kuta badala ya miteremko, na mapango, na chemchemi zinazochomoka ukutani bila taarifa.

Kwenye ramani hiyohiyo tofautisha barabara na camino, njia ya udongo ya mashambani. Programu ya simu haitofautishi vizuri. Mwezi Machi mmoja, baada ya mvua, iliniingiza kwenye njia ya matrekta, na udongo mwekundu wa huku ukilowa unakuwa gundi. Nilikaa saa mbili mpaka mkulima akaja na trekta na kamba. Hakunicheka mbele yangu. Na kama gari ni la kukodi, soma mkataba kabla: mingi haifidii uharibifu unaotokea nje ya lami.

Saa, na hili ndilo kubwa

Saa za Uhispania zitamdanganya yeyote aliyezoea kwamba saa sita mchana jua liko utosini. Sehemu kubwa ya nchi iko magharibi ya Greenwich, lakini inafuata saa za Ulaya ya kati, na majira ya joto inaongeza saa moja juu yake. Matokeo yake, mwezi Juni hapa Castilla jua hufika utosini saa nane na robo mchana. Joto lenyewe hupamba moto kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni, na jua huzama karibu saa nne usiku. Ndiyo, saa nne usiku.

Kwa hiyo kiangazi ratiba yangu ni hii. Chini ya korongo, kando ya maji, naingia saa moja asubuhi, kukiwa na kivuli na baridi, na natoka kabla ya saa saba mchana. Halafu nakula, nalala, kama wenyeji. Juu, kwenye mirador, nafika saa mbili usiku, yaani 20:00 kwenye saa ya ukutani. Mwanga umelala upande, kuta zimekuwa rangi ya mkate uliokolea, kila ufa una kivuli chake, na kina kinaonekana. Mchana ule wa kwanza wa Julai nilipiga picha 43. Nilifuta zote.

Ukitaka tumbusi, panga tofauti. Ndege hawa ni wazito, mabawa yakifunguliwa hufika mita mbili na nusu na zaidi, na hawapendi kupiga mabawa. Wanasubiri jua lipashe mwamba na hewa ianze kupanda. Saa mbili hivi baada ya kuchomoza jua utawaona wanajirusha mmoja mmoja kutoka kwenye vibaraza vya mwamba vilivyopakwa mavi meupe. Hayo mavi ndiyo alama ya kutafutia kwa darubini. Kuanzia Machi mpaka Septemba utamwona pia mdogo wao, mweupe mwenye uso wa njano, alimoche. Huyo ni mwenzetu: majira ya baridi anayamaliza kusini ya Sahara.

Aprili, Mei na Oktoba unaweza kuvunja ratiba hii yote ukatembea kutwa. Oktoba ndiyo napenda mimi, mipopla ya kando ya mto ikiwa njano. Januari usidharau baridi. Huku kwenye makorongo tuko karibu mita 1,000 juu ya bahari, na upepo wa uwanda unakata.

Duratón, hatua kwa hatua

Anzia Sepúlveda, mji mdogo wa mawe juu ya kilima, mkoa wa Segovia. Ofisi ya hifadhi, Casa del Parque, iko ndani ya kanisa la zamani la Santiago. Ingia hata kama una haraka, kwa sababu ya kibali. Njia ndefu ya chini kati ya daraja la Talcano na Villar de Sobrepeña, kama kilomita 10, inahitaji kibali kuanzia 1 Januari hadi 31 Julai, na idadi ya watu kwa siku ina kikomo. Ni bure kukiomba, ila kiombe mapema, hasa kwa wikendi. Wengine hulalamika. Lakini tumbusi hutaga yai moja tu kwa mwaka, hulilalia karibu miezi miwili, na kinda hukaa kiotani miezi mingine mpaka katikati ya kiangazi. Kelele ikimtoa mama kwenye yai asubuhi ya Februari yenye barafu, mwaka wa jozi hiyo umekwisha.

Usipopata kibali, fuata Senda de los Dos Ríos, inayouzunguka mji kwa chini ambako Duratón unakutana na mto mdogo wa Caslilla. Ni fupi, ina madaraja ya zamani na kivuli, na kwa mtu wa mara ya kwanza inatosha kabisa kama nusu ya chini.

Nusu ya juu ni ermita ya San Frutos. Unaendesha mpaka kijiji cha Villaseca, unaacha lami, unafuata njia ya vumbi kilomita nne au tano polepole mpaka maegesho, kisha unatembea kama kilomita moja. Njia inashuka kidogo, na kanisa linaonekana limekaa kwenye ncha ya mwamba, mto ukiwa umelizunguka pande tatu. Kabla ya kulifikia unavuka kidaraja juu ya ufa mwembamba unaoitwa La Cuchillada, pigo la kisu. Hadithi inasema San Frutos, ambaye ni msimamizi wa Segovia, aliupiga mwamba kwa fimbo ukapasuka ili wakimbizi wa Kikristo wasifikiwe na jeshi la Wamori, Waislamu wa enzi hizo. Sikukuu yake ni 25 Oktoba, siku ambayo huwezi kupata pa kuegesha.

Tahadhari za San Frutos ni mbili. Sehemu kubwa ya ukingo haina kizuizi, na upepo huja kwa vishindo. Watoto washikwe mkono, siyo kuambiwa tu. Na chokaa inayokanyagwa na watu wengi hung'aa kama vigae. Ikilowa ni sabuni. Viatu vya soli yenye meno, hata siku ya jua.

Maji beba mwenyewe, lita mbili kwa mtu kwa nusu siku ya kiangazi. Chemchemi ya kijijini yenye kibao cha "agua no potable" siyo ya kunywa. Mtandao wa simu hukatika chini ya korongo, basi mwambie mtu unaingia wapi na unatoka saa ngapi. Namba ya dharura ni 112. Moto usiwashe kabisa, na droni usirushe bila kibali cha hifadhi.

Na mbwa. Kwenye uwanda utakutana na kondoo, na pamoja nao mastín, mbwa mkubwa kama ndama. Hafugwi kwa ajili ya urembo. Usipite katikati ya kundi, usikimbie, usimwinulie fimbo. Zunguka mbali, ongea kwa sauti ya kawaida ili ajue wewe ni mtu. Geti la waya ukilifungua, lifunge nyuma yako.

Kwa wasiopenda kupanda

Kama una mzazi mwenye magoti mabovu, nenda Cañón del Río Lobos, mkoa wa Soria, karibu na kijiji cha Ucero. Kutoka maegesho ya ndani, Valdecea, ni kama kilomita moja ya tambarare mpaka ermita ya San Bartolomé, kanisa la karne ya 13 ambalo simulizi hulihusisha na Matempla, watawa wapiganaji wa zamani, likiwa limesimama peke yake chini ya magenge. Nyuma yake kuna mwamba wenye tundu, Balconcillo, na ng'ambo kuna pango kubwa ambalo wajukuu watataka kuingia. Hapo umeliona kutoka chini bila kutoka jasho. Kwa juu, panda na gari barabara ya kuelekea San Leonardo de Yagüe mpaka Mirador de la Galiana. Unashuka garini na kutazama. Mwisho wa kiangazi usishangae mto ukiwa mawe matupu. Maji yamezama chini ya chokaa.

Foz de Lumbier, Navarra, ni fupi zaidi na ya tambarare pia, kwa sababu inapita ilikopita reli ya zamani. Ina mahandaki mawili ya treni. Beba tochi.

Ruta del Cares, ile maarufu ya milima ya Picos de Europa, sitaieleza sana. Ni nzuri kweli. Ni kilomita 12 kati ya Poncebos na Caín, na kosa la wageni ni kusahau kwamba gari limebaki upande ule: kurudi kwa barabara ni zaidi ya kilomita 100. Ama urudi kwa miguu, ama ugeuzie katikati.

Chakula, hasa Jumatatu

Baa nyingi za vijijini hufunga siku moja kwa wiki, na siku hiyo mara nyingi ni Jumatatu au Jumanne. Nimekula biskuti nyingi kwenye ngazi za makanisa mpaka nikajifunza kubeba mkate, jibini na nyanya. Chakula cha mchana huanzia saa nane mchana; ukifika saa sita watakuangalia kama mgonjwa. Jikoni hufungwa karibu saa kumi na halifunguliwi tena hadi saa tatu usiku.

Sepúlveda na Aranda huliwa lechazo, mwanakondoo ambaye bado ananyonya, aliyechomwa kwenye bakuli la udongo ndani ya tanuri la kuni, kwa maji na chumvi. Jumapili uweke oda kabla. Robo moja inawatosha wawili, pamoja na saladi na mkate, na mkate huo huenda nimeukanda mimi. Kama huli nguruwe, uliza kila sahani, hata ya mboga. Sopa castellana inasikika kama supu ya mkate na vitunguu saumu, na ndivyo ilivyo, ila ndani mna vipande vya jamón, paja la nguruwe lililokaushwa. Morcilla ni damu ya nguruwe na wali. Sentensi ya kutumia ni "¿lleva cerdo?", yaani ina nguruwe?, na mtu hatakasirika.

Orbaneja, ya mwisho

Kama una siku moja tu zaidi, endesha kama kilomita 80 kaskazini ya mji wa Burgos, barabara ya N-623, uiache Quintanilla Escalada na kufuata mto Ebro hadi Orbaneja del Castillo. Gari liache chini kando ya barabara, kijiji hakina nafasi. Maji yanatoka kwenye pango juu ya kijiji, Cueva del Agua, yanapita katikati ya nyumba, kisha yanaanguka hadi chini kwenye vidimbwi vya rangi ya samawati vilivyojengwa na chokaa yenyewe. Nenda baada ya mvua za machipuko. Mimi mara ya kwanza nilienda Septemba nikakuta uzi tu wa maji.

Wageni wengi hupiga picha maporomoko wakaondoka. Wewe panda ngazi mpaka nyumba za juu, kisha inua macho kwenye ukingo wa magenge. Kuna miamba miwili iliyoinamiana, wenyeji wanasema ni ngamia wanabusiana. Usiangalie ngamia. Angalia tundu la anga lililobaki kati yao. Songa hatua mbili tatu kushoto au kulia mpaka likae sawa, pembe ikitokeza upande mmoja, chini pakichongoka. Ni ramani ya Afrika. Mwanamke mmoja aliyekuwa akimwagilia maua kibarazani aliniona nimesimama mdomo wazi, akauliza natoka wapi. Nikamwonyesha kwa kidole, pale kwenye jiwe, upande wa kulia, chini kidogo ya pembe.